Uthabiti: Kinachorudisha Chombo Kinapoyumba

Mnamo tarehe 7 Juni 2016, yapata saa tano na nusu za asubuhi, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, katika Mto Tana, kisha akaangukia transfoma. Transfoma ile ikazimika. Mitambo mingine ya kituo hicho ikaachiwa mzigo usioweza kuuchukua, nayo ikajizima moja baada ya mwingine. Zaidi ya megawati 180 zikatoweka kwa mara moja, na mara Kenya nzima ikakosa umeme. Saa kadhaa zilipita kabla ya taa kuwaka tena kila mahali. Tumbili mwenyewe alipona.

Watu wengi walicheka waliposikia habari hizo. Lakini wenye elimu ya mitambo waliona ndani yake swali zito. Je, yawezekanaje mnyama mdogo, ambaye mtoto aweza kumbeba, kuzima kazi ya mitambo mikubwa iliyotandazwa katika nchi nzima? Jibu lake limo katika jambo ambalo mainjinia wamelichunguza kwa zaidi ya miaka mia mbili, nalo ni uthabiti. Waundaji wa meli hulichunguza, na vile vile wajenzi wa madaraja, wapimaji wa ardhi ya milimani na mafundi wa umeme. Kazi zao hazifanani, lakini swali lao ni moja: kitu hiki kikisukumwa kidogo, je, kitarudi mahali pake?

NGUVU SI UTHABITI

Watu hudhani ya kuwa kitu thabiti ni kile kisichotikisika. Sivyo. Chukua bakuli na gololi. Gololi ikiwa ndani ya bakuli, hata ukiisukuma itapanda ukingoni, kisha itarudi chini na kutulia. Huo ndio uthabiti. Sasa lifudikize bakuli na uiweke gololi juu ya kitako chake. Ukiwa na mkono mtulivu, gololi yaweza kusimama pale kwa muda. Lakini ukipuliza kidogo tu itaondoka wala haitarudi. Gololi ni ile ile, na bakuli ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba kuyumba kidogo sasa huzaa kuyumba zaidi.

Tena uthabiti si sawa na nguvu. Chukua ufito mrefu mwembamba, usimamishe sakafuni, kisha ukandamize ncha ya juu kwa kiganja. Ufito hautapondeka, utajipinda ghafula ubavuni, ingawa mti wake haukuwa umeshindwa. Mtaalamu wa hesabu kutoka Uswisi, Leonhard Euler, alilieleza jambo hili mwaka 1744. Alionyesha ya kuwa nguzo nyembamba ikikatwa nusu ya urefu wake, yaweza kuchukua mzigo mara nne kabla ya kujipinda. Ndiyo maana wajenzi hufunga miti ya kupandia kwa miti mingine inayokingama. Miti hiyo ya kukingama haibebi mzigo mkubwa, bali huzifanya nguzo ndefu ziwe kama nguzo fupi.

MELI ILIYOKWENDA CHINI YA MAILI MOJA

Hakuna mahali ambapo jambo hili limewagharimu watu zaidi kuliko majini. Tarehe 10 Agosti 1628, manowari mpya ya mfalme wa Sweden, iitwayo Vasa, iling'oa nanga katika bandari ya Stockholm. Ilikuwa na mizinga 64 na mapambo mengi ya kuchongwa. Kabla ya safari hiyo watu thelathini walikuwa wameamriwa wakimbie pamoja kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, ili ionekane jinsi meli itakavyoyumba. Walipokwisha kukimbia mara tatu tu, waliambiwa waache, kwa kuwa ilionekana kwamba meli itapinduka pale pale gatini. Hata hivyo ilisafiri. Haikufika maili moja. Upepo mdogo uliilaza upande, maji yakaingia katika madirisha ya mizinga, ikazama mbele ya macho ya watu waliokuja kuiaga. Mbao zake zilikuwa imara sana hata meli hiyo ilipoinuliwa kutoka chini ya maji mwaka 1961, baada ya miaka 333, ilikuwa bado nzima, na leo imo katika nyumba ya makumbusho. Haikukosa nguvu, ilikosa uthabiti.

Kosa lake lilikuwa ni uzito mwingi mno kuwekwa juu. Wakati ule waundaji wa meli hawakuwa na hesabu ya kuwaambia mapema. Hesabu hiyo ilipatikana mwaka 1746, pale Mfaransa Pierre Bouguer alipotoa kitabu chake juu ya meli. Alieleza hivi: uzito wote wa meli huvuta chini kutoka mahali pamoja, yaani kitovu cha uzito. Maji nayo husukuma juu. Meli inapolala upande, sehemu yake iliyo majini hubadilika umbo, na msukumo wa maji huhamia upande ule ulioinama. Ukichora mstari kwenda juu kutoka katika msukumo huo, utakutana na mstari wa katikati ya meli mahali fulani, na mahali hapo Bouguer alipaita metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya metasenta, uzito na maji husaidiana kuisimamisha meli. Kikipanda juu yake, husaidiana kuipindua.

Wavuvi na mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki walilijua jambo hili kwa mikono yao, ingawa hawakuliandika kwa hesabu. Ngalawa huchongwa katika gogo, ni nyembamba, na peke yake ingepinduka upesi chini ya tanga. Kwa hiyo hufungiwa matengo, yaani mbao ndefu zilizo mbali kila upande, zikishikwa na miti iliyokingama juu ya chombo. Chombo kikilala, ubao wa upande ule hukutana na maji na kusukumwa juu, na kwa kuwa uko mbali na katikati, msukumo mdogo hutosha kukirudisha. Nahodha wa jahazi lisilo na shehena naye hutia farumi ya mawe au mchanga chini kabisa, ili kitovu cha uzito kishuke.

AKIBA YA KURUDI

Lakini haitoshi kuuliza kama chombo kitarudi. Yapasa kuuliza pia kitarudi kutoka wapi. Hata gololi iliyo ndani ya bakuli, ikisukumwa hadi ivuke ukingo, haitarudi tena. Mainjinia wa meli huchora mstari unaoonyesha nguvu ya kurudi kwa kila kiasi cha kulala. Nguvu hiyo huongezeka mwanzoni, hufika upeo wake, kisha hupungua mpaka ikaisha. Umbali uliopo baina ya mahali chombo kilipo na mahali nguvu hiyo inapokwisha ndio akiba yake.

Uingereza ilijifunza jambo hili kwa huzuni. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870, manowari mbili, Captain na Monarch, zilikuwa pamoja katika dhoruba moja karibu na pwani ya Hispania. Monarch ilikuwa na ubavu mrefu juu ya maji. Captain ilikuwa na milingoti mirefu, lakini sitaha yake ilikuwa karibu na maji, futi zisizozidi saba. Nguvu ya Monarch ya kurudi ilifika upeo wake meli ikilala digrii 40. Ile ya Captain ilifika upeo katika digrii 21 tu, na baadaye ikapungua upesi. Katika maji matulivu hakuna mtu ambaye angeona tofauti hiyo kwa macho. Dhoruba ilipokuja, Monarch iliyumba na kurudi. Captain iliyumba isirudi, na watu karibu 500 walikufa, akiwamo Cowper Coles, yeye aliyeibuni.

Katika Ziwa Victoria somo hili limelipiwa kwa machozi ya watu wa Afrika Mashariki wenyewe. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikielekea Mwanza, ilipinduka karibu na mwisho wa safari, na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimekusudiwa kuchukua abiria 101; waliokufa peke yao walizidi 220.

Msafiri huona kivuko kikielea na husema, "Mbona kinaelea vizuri? Mmoja zaidi hatadhuru." Hapo ndipo penye hatari. Kuelea si uthabiti. Kila abiria anayesimama kwenye sitaha ya juu huinua kitovu cha uzito. Kila gunia linaloongezwa huuleta ukingo wa chombo karibu zaidi na maji. Tena abiria si mzigo uliofungwa kwa kamba. Kivuko kinapokaribia gati, watu husimama wote na kusogea upande wa kushukia. Akiba ikiwa imekwisha kuliwa, hatua hizo chache hufanya kazi ya dhoruba. Idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni mwa chombo si hesabu ya viti, bali ni hesabu ya akiba.

MTAMBO UNAOJIONGOZA

Katika mitambo, uthabiti ulileta fumbo jingine. Mwaka 1788 Mskoti James Watt alitia katika mtambo wake wa mvuke kifaa kilichokuwa kimetumika kwanza katika vinu vya upepo, ambacho mafundi hukiita gavana. Kina mipira miwili mizito inayozunguka pamoja na mtambo. Mtambo ukienda mbio mno, mipira hutanuka na kuupunguza mlango wa mvuke. Ukienda polepole, mipira hushuka na mlango hufunguka. Hivyo mtambo hujiongoza wenyewe.

Lakini mafundi waliona jambo la ajabu. Magavana mengine, ingawa yalitengenezwa kwa ustadi mwingi, yaliufanya mtambo uende mbio, kisha polepole, kisha mbio zaidi, bila kutulia. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, bingwa wa elimu ya vitu vya asili, alieleza sababu kwa hesabu. Haitoshi kwamba kosa lisahihishwe. Yapasa lisahihishwe kwa kiasi na kwa wakati. Masahihisho yakichelewa, hufika wakati kosa limekwisha kugeuka, nayo huliongeza badala ya kulipunguza. Dereva wa lori katika njia ya matope anajua hayo. Gari likiteleza kushoto, akachelewa, kisha akazungusha usukani kwa nguvu, litateleza kulia zaidi kuliko lilivyoteleza kwanza.

Mwaka 1892 Mrusi Aleksandr Lyapunov alitoa njia ya kupima uthabiti wa kitu chochote kinachokwenda, bila kulazimika kuhesabu mwendo wake wote. Alifundisha kutafuta kipimo kimoja kinachofanana na kimo cha gololi ndani ya bakuli. Ikiweza kuonyeshwa kwamba kipimo hicho hupungua daima baada ya kusukumwa, kitu hicho kitarudi. Njia yake hutumika hata leo na wale wanaotengeneza ndege na mitambo inayojiendesha.

DARAJA LILILOSHINDWA NA UPEPO

Tarehe 1 Julai 1940 daraja jipya la kuning'inia lilifunguliwa Tacoma, katika Marekani. Sehemu yake ya katikati ilikuwa na urefu wa futi 2,800, nyembamba na ya kupendeza. Tarehe 7 Novemba mwaka ule ule, upepo wa maili 40 hivi kwa saa ulianza kuisokota njia ya daraja, upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, kisha kinyume chake. Upepo huo haukuwa kimbunga. Lakini kila daraja liliposokoteka, upepo ulilipiga kwa namna ya kulisokota zaidi. Mtikiso uliopaswa kufifia ukakua, mpaka katikati ya daraja ikavunjika na kuanguka majini. Hakuna mtu aliyekufa. Mbwa mmoja aliyeachwa ndani ya gari alipotea.

Wajenzi walikuwa wamehesabu uzito wa magari na msukumo wa upepo, lakini hawakuhesabu jinsi upepo na daraja vinavyochocheana. Tangu msiba huo, mfano wa daraja refu la kuning'inia hupelekwa kwanza katika chumba cha kuvumishia upepo, ili ionekane kama mtikiso wake hufifia au hukua.

MLIMA USIOTOA SAUTI

Mteremko wa mlima nao una akiba yake. Uzito wa udongo huuvuta kuteremka; msuguano na mshikamano wa chembe zake huuzuia. Mainjinia hugawanya nguvu inayozuia kwa nguvu inayovuta. Jawabu likiwa moja, mteremko uko ukingoni. Kwa mteremko wa kudumu mara nyingi hutakiwa jawabu la moja na nusu. Nusu hiyo ndiyo akiba.

Mvua huila akiba hiyo kwa njia mbili. Huongeza uzito wa udongo, na maji yanapojaa baina ya chembe huzisukuma ziachane, hata msuguano ukapungua. Jambo hili la pili ndilo Karl Terzaghi wa Austria alilolieleza katika kitabu chake cha mwaka 1925, ambacho kiliifanya elimu ya udongo kuwa elimu kamili. Mkulima anayekata mguu wa mteremko ili apate uwanja wa nyumba, au anayeondoa miti yenye mizizi mirefu, hupunguza kile kinachozuia. Mlima hauangui siku ile, naye hudhani hakuna dhara. Mvua ya mwaka mwingine ndiyo huja kudai. Maporomoko ya Bududa, Uganda, mwezi Machi 2010, na yale ya Pokot Magharibi, Kenya, mwezi Novemba 2019, yalikuja baada ya mvua nyingi, na kufunika nyumba pamoja na waliokuwamo.

Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa mpya uliopinda kama mwezi mwandamo juu ya mteremko wakati wa mvua hauzibwi, hukimbiwa. Ni alama kwamba akiba imekwisha.

KURUDI GITARU

Sasa tumbili wa Gitaru anaeleweka. Umeme wa Kenya hupiga mapigo 50 kwa kila sekunde, na mitambo yote ya nchi huzunguka kwa kufuata mapigo hayo pamoja. Umeme unaotumika ukizidi ule unaofanywa, hata kwa nukta moja, mitambo huanza kupunguza mwendo na mapigo hushuka. Hapo magavana ya mitambo iliyobaki, watoto wa lile gavana la Watt, hufungua milango ya maji au ya mvuke ili kuongeza nguvu. Akiba ya nguvu ikiwapo, mapigo hurudi 50, na mwananchi nyumbani haoni lolote. Akiba isipotosha, mtambo mmoja hujizima ili usiharibike, mzigo wake huwaangukia wenzake, nao hujizima pia. Ndiyo maana vifaa vya ulinzi huwekwa ili kukata umeme wa baadhi ya sehemu upesi, kusudi nchi nzima isizame gizani. Anayekatiwa hivyo hukasirika, na ana haki. Lakini mara nyingine giza lake la nusu saa ndilo limeokoa hospitali ya wilaya nyingine.

Basi si kweli kwamba tumbili alizima taa za Kenya, kama vile si kweli kwamba abiria wa mwisho hupindua kivuko, au kwamba mvua ya usiku mmoja huporomosha mlima. Jambo dogo huja mwisho, nalo hulaumiwa. Kazi ya kweli huwa imekwisha kufanyika kabla yake, kidogo kidogo, pale akiba ilipokuwa ikiliwa na kila mtu akisema mbona hakuna kilichotokea. Kazi ya injinia ni kuipima akiba hiyo wakati bado mambo yote ni matulivu. Kazi ya mwananchi ni kuiheshimu: kukisubiri kivuko kinachofuata, kutosimama juu ya sitaha iliyojaa, kutokata mguu wa mlima, na kutomkasirikia karani wa gati anayesema kwamba chombo kimejaa, hata kama bado kinaelea.